Niandike “sisi” au niandike “wao”?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 17, niko darasa la kumi na moja hapa Amarillo, Texas. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kivu Kusini, Kongo. Mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, nikafika Marekani nikiwa na miaka 13. Hesabu naziweza, baiolojia naiweza. Kinachonishinda ni Historia ya Marekani, na bila kufaulu mtihani wa jimbo wa somo hilo naweza nisipate cheti cha kumaliza sekondari. Jaribio la kwanza la mazoezi nilianguka. La pili nimeanguka tena. Mtihani wenyewe umebakiza miezi mitatu.

Maneno magumu yananisumbua, lakini kamusi ninayo. Kinachoniumiza zaidi ni vitu ambavyo kwenye kamusi havimo. Tulipewa katuni ya zamani, tembo na punda wanagombania kamba, tueleze maana yake. Mimi nikaandika kuhusu wanyama. Kumbe tembo ni chama cha Republican na punda ni chama cha Democratic. Darasa zima walijua. Hakuna aliyewafundisha, wamekua nayo tu, kama sisi tulivyokua na hadithi za sungura na fisi.

Halafu kuna hili neno “sisi”. Mwalimu wetu akifundisha husema hivyo: sisi tuliingia vitani 1941, sisi tulidondosha bomu. Nikaandika insha kwa mtindo huo huo. Tuliposomeana kwenye vikundi, kijana aliyekaa karibu nami akaniuliza, “Sisi nani? Si ninyi mmekuja juzi?” Hakuwa na ubaya, alishangaa tu, na kule kushangaa kwake ndiko kulikoniuma. Insha iliyofuata nikaandika “wao”. Mwalimu akairudisha na duara sita nyekundu, kila “wao” na duara lake, na pembeni ameandika: “Wao ni nani?” Sasa sina neno la kutumia.

Wiki iliyopita tulifika Vita Baridi. Kitabu chetu kina sentensi moja tu kuhusu Kongo ya 1960. Mwalimu akasimama hapo akasema tuna bahati, mwenzetu anatoka Kongo, atueleze. Vichwa vyote vikanigeukia. Shangazi, mimi Kongo sijawahi kuikanyaga. Jina la Lumumba nalijua kwa sababu wazee kambini walikuwa wakilitaja, basi. Nikasema sijui, nikaangalia meza mpaka kengele ikalia.

Nyumbani nako sina pa kusemea. Baba anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya jioni, anarudi usiku wa manane vidole vimekakamaa kwa kushika kisu. Akinikuta mezani na kitabu hicho anasema, “Hayo ni mambo ya wazungu na babu zao. Soma unesi. Historia hailipi deni la tiketi.” Ni kweli, nauli ya ndege iliyotuleta hapa bado tunailipa kila mwezi. Namheshimu baba. Lakini nikianguka mtihani huu, huo unesi nitausomea wapi?

Nifanyeje?

Binti wa Nyarugusu, Amarillo


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na zile duara sita nyekundu. Najua zilikuuma, ila nimefundisha historia miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na ninakuambia kwamba swali aliloliandika mwalimu wako pembeni ndilo swali bora kuliko yote yaliyomo kwenye barua yako. Wao ni nani? Kosa alilofanya ni kutojiuliza hilo hilo yeye mwenyewe anaposema “sisi”.

Kwa hiyo usiandike “sisi” wala usiandike “wao”. Andika jina la aliyetenda.

Chukua hilo bomu. Aliyeidhinisha litumike ni Rais Harry Truman. Waliolitengeneza ni wanasayansi wa Los Alamos, jimbo la New Mexico, chini ya Robert Oppenheimer. Aliyeirusha ndege ya Enola Gay hadi Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ni rubani Paul Tibbets. Waliokufa ni wakazi wa mji ule, makumi ya maelfu. Yule kijana wa kikundi chako hayumo hata sehemu moja kati ya hizo, wala baba yake hayumo. Ukiandika “sisi” unawaficha watu wote hao nyuma ya neno moja, ukiandika “wao” unawaficha vile vile. Hata “bomu lilidondoshwa” inaficha. Kiswahili chetu kimekupa kile ki-“na” kidogo: lilidondoshwa na nani? Kila unapokuta kitendo kwenye kitabu, hata kwa Kiingereza, mdai mwandishi hiyo “na” yake. Asipokupa, itafute.

Ukiidai kwa bidii itakufikisha mahali ambapo kitabu chako hakikufika. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Franklin Roosevelt kumwonya kwamba bomu la namna hiyo linaweza kutengenezwa. Ndani ya barua hiyo kuna sentensi inayosema kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani kiko Kongo ya Wabelgiji. Haimo kwenye kitabu, lakini barua yenyewe inapatikana, ni kurasa mbili tu, na Kiingereza chake unakimudu. Urani aliyoitaja ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, uliokuwa mali ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, yakakaa kwenye bohari kisiwani Staten Island, yakiwa hapo tayari Wamarekani walipokuja kuyatafuta. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye mradi wa kutengeneza bomu lile ilitoka Shinkolobwe. Waliochimba ni Wakongo, na majina yao hakuna aliyejali kuyaandika.

Sikwambii haya ili ujivune. Bomu lililoteketeza mji si kitu cha kujivunia. Nataka ujue jibu la “sisi nani?” lina urefu gani. Na hapo hapo mlipo, kama maili 17 kutoka Amarillo, kipo kiwanda cha Pantex, mahali ambapo silaha za nyuklia za Marekani huunganishwa na kufumuliwa. Kilianza 1942 kwa mabomu ya kawaida, kikageuzwa cha nyuklia 1951. Huyo kijana amezaliwa jirani nacho. Wewe wazazi wako wametoka nchi iliyotoa jiwe lenyewe. Mnaweza kufanya mradi wa darasa pamoja, nyinyi wawili, na hakuna mwenye haki zaidi ya mwenzake katika somo hilo.

Sasa ile siku ya Kongo. Mwalimu alikosea, hata kama nia yake ilikuwa njema. Mtoto aliyezaliwa kambini Tanzania haamki siku moja akajikuta anajua mambo ya 1960, kama vile wenzako hawajui mambo ya Truman kwa kuzaliwa Texas. Mwendee baada ya kipindi, peke yenu, umwambie hivi: “Ningependa kueleza kuhusu Kongo, ila nipe siku tatu nijiandae, usinishtukize mbele ya darasa.” Walimu wengi wakiambiwa hivyo kwa adabu hushukuru.

Na ukipewa hizo siku tatu, haya ndiyo ya kuanzia. Kongo ilipata uhuru 30 Juni 1960, Patrice Lumumba akiwa waziri mkuu. Ndani ya siku chache askari wakaasi, na tarehe 11 Julai Katanga, penye madini, ikajitangaza nchi. Mwezi huo huo Lumumba alikwenda Washington kuomba msaada. Rais Eisenhower hakuonana naye. Akaomba Wasovieti, wakampa ndege na magari, na kuanzia hapo Washington ikamhesabu kuwa adui. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilipeleka sumu Léopoldville, Kinshasa ya leo, ili auawe. Haya si maneno ya vijiweni. Yalichunguzwa na kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church wa Idaho, na ripoti yake ya 1975 iko wazi kwa yeyote. Sumu hiyo haikutumika. Lumumba alikamatwa na askari wa Mobutu, mkuu wa jeshi la Kongo, akapelekwa Katanga, akapigwa risasi huko 17 Januari 1961 kwa amri ya wakuu wa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Ile kamati ya Seneti haikupata ushahidi kwamba Wamarekani walihusika na mauaji yenyewe. Siku tatu baadaye John Kennedy aliapishwa kuwa rais, na dunia ilikuwa bado haijaambiwa kwamba Lumumba amekufa.

Umeona nilivyofanya? Kila kitendo nimekipa mwenyewe. Ukisimama darasani usiseme “Wamarekani walimuua Lumumba”, maana utapingwa na utashindwa. Sema nani alipanga nini, nani alitenda nini, na nani alijua. Hapo hakuna wa kukuuliza “sisi nani”.

Nije kwa baba yako. Simlaumu. Mtu aliyesimama saa nane anakata nyama ya baridi ana haki ya kuuliza kitu fulani kitalipa nini. Lakini kauli yake kwamba hayo ni mambo ya wazungu na babu zao, hapo nitampinga kwa heshima zote, na ninakupa cha kumjibia. Usimjibie kwa ubishi. Mwombe akuonyeshe ule mfuko mweupe wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, mliokuja nao na karatasi zenu. Familia nyingi ninazozijua bado zimeutunza juu ya kabati. Karatasi zile zipo kwa sababu ya sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter Machi 1980, Sheria ya Wakimbizi. Yale mahojiano yote kambini, kuulizwa mara tatu mlikimbia nini na lini, mzizi wake uko pale.

Sheria hiyo nayo ina wazazi wake. Mwaka 1924 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya mafungu ya wahamiaji: Ulaya ya Kaskazini na Magharibi ikapewa nafasi tele, Waasia wakafungiwa karibu wote, Afrika ikapata nafasi chache mno. Mafungu hayo yalidumu hadi Rais Lyndon Johnson, mtu wa Texas, alipotia saini sheria mpya chini ya Sanamu ya Uhuru, 3 Oktoba 1965, mwaka mmoja baada ya sheria ya haki za kiraia. Kisha Saigon ikaanguka 30 Aprili 1975 na Wavietinamu kwa maelfu wakaletwa kwa mipango ya dharura, na dharura zilipozidi ndipo ikaja sheria ya 1980. Kama mnanunua sombe ya barafu kwenye duka la Mvietinamu, kama wanavyofanya Wakongo wengi wa miji ya huko, basi pengine mwenye duka na baba yako wameingia Marekani kwa milango miwili ya nyumba moja. Mwaka wa bajeti wa 2016 pekee waliingia wakimbizi zaidi ya 16,000 kutoka Kongo, wengi kuliko wa taifa lingine lolote. Kitabu cha historia kitakachoandikwa miaka hamsini ijayo hakitaweza kuwaruka.

Hata darasa unalokaa lina historia. Katiba ya Texas ya 1876 iliagiza watoto weupe na watoto weusi wasome shule tofauti. Mahakama Kuu ya Marekani ikabariki utengano wa namna hiyo mwaka 1896, ikaja kuukataa shuleni mwaka 1954, na hata baada ya hapo Kusini walikaza shingo miaka mingi. Umeketi kwenye kiti ambacho watu walikwenda mahakamani ili mtoto mweusi akikalie. Wazazi wa Topeka, Kansas, waliofungua kesi ile ya 1954 hawakuwa wazungu wala babu wa wazungu.

Na liko moja la mfukoni kabisa, umwambie taratibu. Mkimbizi akitimiza miaka mitano tangu kuingia anaweza kuomba uraia. Nyinyi mnakaribia. Kwenye usaili wa uraia ofisa humuuliza mwombaji maswali ya historia na ya serikali ya Marekani, kwa Kiingereza, ana kwa ana, na baba yako ataulizwa. Unachosoma usiku huu mezani ndicho atakachohitaji mwaka kesho. Muombe dakika kumi siku ambayo hana zamu, wewe umuulize kwa Kiingereza na umweleze kwa Kiswahili. Hakuna njia ya kukariri inayozidi kumfundisha mwingine, kwa hiyo mtafaidika wote.

Lakini usiwe mwalimu wake tu. Mtu wa umri wa baba yako, kama amekulia Fizi, alisoma shule enzi za Zaire. Miaka hiyo watoto walipangwa mstari asubuhi waimbe kumsifu Mobutu, huyo huyo aliyeungwa mkono na Washington kwa sababu ya Vita Baridi, na ambaye George H. W. Bush alimkaribisha Ikulu ya Marekani Juni 1989. Vita Baridi vilipokwisha Mobutu hakuhitajika tena. Mwaka 1996 vita vikaanzia Kivu Kusini na Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo huo. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi, mauaji ya Rwanda ya 1994 yakiwa mbele, kwa hiyo usizirundike zote Washington. Ila sura ya Vita Baridi kwenye kitabu chako na kambi uliyozaliwa zina kamba moja inayopita katikati, na mtu aliyeishi kwenye kamba hiyo analala chumba cha pili. Muulize waliimba nini. Muulize nani aliongoza wimbo, na asiyeimba alifanywa nini. Andika anachosema, na tarehe uliyomuuliza. Hicho ni chanzo cha historia, sawa na barua ya Einstein, na mwalimu wako hana namna nyingine ya kukipata.

Kuhusu mtihani wenyewe sitasema mengi. Mtihani wa Texas unaanzia 1877, basi fahamu kwa nini mwaka huo: ndipo serikali kuu ilipoacha kutumia askari wake kulinda haki za Weusi huko Kusini, na mengi yanayofuata kwenye kitabu, ubaguzi, kuhama kwenda miji ya Kaskazini, madai ya miaka ya 1950 na 1960, yanatoka kwenye uamuzi huo. Ukiushika, nusu ya tarehe zitajipanga zenyewe. Tenga daftari dogo kwa ajili ya vitu ambavyo “kila mtu anajua”: tembo na punda, waliosambazwa na mchoraji Thomas Nast miaka ya 1870, dubu, ambaye ni Urusi, mzee mwenye ndevu na kofia ndefu ya nyota, ambaye ni Marekani yenyewe. Si vingi hivyo. Ukifika arobaini utaanza kuona vinajirudia. Mwalimu wa wanaojifunza Kiingereza mwone wiki hii, umuulize ni msaada gani wa lugha unaoruhusiwa siku ya mtihani, maana huo huombwa mapema na huzoewa kwenye mazoezi. Na ukianguka mara ya kwanza, mtihani unarudiwa. Usikubali mtu akuambie vinginevyo.

Usome pia mji wako. Miaka ya 1930 ukame na kilimo kilichochimbua nyasi za asili viliifanya ardhi ya huko iinuke angani. Jumapili ya 14 Aprili 1935 wingu jeusi la vumbi lilipita juu ya eneo lenu, mchana ukawa giza, watu wakadhani ndio mwisho. Upepo ule unaoujua, unaobamiza mlango wa basi la shule, ndio huo huo. Wakulima wengi walihama wakiwa na godoro juu ya gari, wakafika California wakaitwa majina ya dharau na kuambiwa warudi walikotoka. Soma sura hiyo usiku mmoja uliotulia. Nadhani utawaelewa watu wale haraka kuliko yeyote darasani.

Ile insha yenye duara sita usiitupe. Kaa nayo, ufute kila “wao”, uweke jina. Pale ambapo jina hulijui, acha nafasi wazi mpaka ulipate. Ukimaliza mpelekee mwalimu hata kama hakukuagiza, na nakala moja unitumie mimi niisome.

Wako,
Shangazi